Kuchonga mwiko na kijiko cha mti: kuanzia namba 1 hadi namba 20

Juu ya kabati la jikoni kwetu Morogoro kuna debe kuukuu la rangi limejaa vijiko vya mti. Vingi ni vibaya. Kila kimoja nimekiandika kwa penseli mpinini: namba, jina la mti, mwezi na mwaka. Namba 1 ni mpini mtupu. Kichwa chake kilikatikia ndani ya ugali wa watu tisa, na mama mkwe, aliyekuwa anasonga, alikichomoa kwa ncha za vidole, akakiweka pembeni ya jiko, akaenda kuchukua mwiko wake wa siku zote. Hakusema kitu. Ningefurahi angesema.

Debe hilo limenifundisha kuchonga kuliko video zote nilizotazama kwenye simu. Ukiweka namba 4 na namba 9 kwenye kiganja kimoja, unaona kwa macho kilichobadilika na ambacho bado kinakushinda. Kwa hiyo nakupa mwongozo wa vijiko ishirini. Ukichonga kimoja kila Jumapili utavimaliza ndani ya miezi mitano. Usitupe hata kimoja, na usibadilishe umbo kila wiki kwa sababu umeona picha nzuri mahali. Anayechonga mwiko wa aina moja mara tano hujifunza zaidi ya anayechonga aina tano mara moja moja, maana wa kwanza ana cha kulinganisha.

Tuelewane majina kwanza. Kichwa ni ile sehemu pana. Tumbo ni shimo lake, mgongo ni nje ya tumbo, ukingo ni mzunguko wa juu, na mdomo ni ile ncha ya mbele inayogusa chakula kwanza. Shingo ni panapoungana kichwa na mpini, na hapo ndipo vijiko vingi hufia.

Mti

Anza na mti mbichi. Wengi hukimbilia mabaki ya mbao kwa fundi seremala, halafu wanashangaa kisu kinateleza na vidole vinauma. Mbao kavu ni ngumu mno kwa mkono wa mwanafunzi. Mti uliokatwa jana au juzi unakatika kama muhogo mbichi, na kisu kile kile kinakuwa kama kipya.

Huna haja ya kukata mti mzima. Mwembe ukipogolewa uani, matawi ni bure. Kampuni za umeme nazo hupogoa miti iliyo chini ya nyaya, na mara nyingi matawi hubaki kando ya barabara. Omba kabla hayajawa kuni za mtu. Tafuta kipande kilichonyooka, kisicho na fundo, chenye kipenyo cha sentimita 10 hadi 12 na urefu wa nusu mita hivi.

Mwembe unafaa kwa kuanzia kwa sababu ni laini kiasi na unapatikana kila mahali. Ila utomvu wake hubabua ngozi za watu wengine. Ukiona vipele, uache, na wala usijaribu mkorosho, ambao ni wa ukoo huo huo na ni mkali zaidi. Mfenesi ni mzuri na una rangi ya njano inayopendeza. Mpera ndio ninaoupenda kuliko yote: nyuzi zake zimebana, ukingo unaweza kuwa mwembamba bila kubanduka, na kila kijiji kina mpera mmoja ambao hakuna mtu anaulilia. Mchungwa na mlimau pia vinakwenda vizuri. Mwarobaini unachongeka, na kule Kenya wachongaji wengi walihimizwa kuugeukia, pamoja na mwembe na mjakaranda, kwa sababu muhugu ulikuwa unaisha msituni. Lakini kwa kijiko cha kutia mdomoni mie siutaki; uchungu wake unaujua. Mzeituni mwitu, ambao vijiko vyake vyenye michirizi ya kahawia vimejaa kwenye maduka ya watalii Nairobi, ni mti mzuri sana ila ni mgumu na unakua polepole. Usiuharibu kwa vijiko vyako vya kwanza. Na mpingo waachie wachongaji wa vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, na watengenezaji wa klarineti, ile ala ya muziki ya kupuliza.

Mti usioujua, hasa wenye utomvu mweupe, usiuchonge kijiko. Mnyaa unaweza kukupofusha jicho. Muulize mtu mzima wa mahali hapo kabla ya kukata.

Ukishapata kipande, kipasue katikati kwa urefu. Usitumie msumeno hapa. Weka shoka kwenye kichwa cha gogo, ligonge kwa rungu la mti hadi gogo lifunguke lenyewe. Mpasuko unafuata nyuzi, na nyuzi ndizo zitakazokuambia kijiko kimelala wapi. Kisha ondoa kiini, ule mduara mdogo wa katikati. Mti ukikauka husinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kutoka kiini kwenda nje. Kipande kilichobeba kiini hakina pa kusinyaa, kwa hiyo kinapasuka. Namba 2 na namba 3 zangu zina nyufa mahali pale pale, na wakati ule nilidhani ni jua.

Vifaa, na kwa nini kunoa ni nusu ya kazi

Shoka dogo la mkono mmoja, au panga fupi. Kisu kigumu chenye makali ya sentimita 8 hadi 10; kile chembamba cha jikoni kinapinda na kitakukata. Msumeno mdogo. Penseli. Gogo la kuchongea linalofika kiunoni au chini yake kidogo. Kwa ajili ya tumbo utahitaji kisu kilichopinda kama ndoana, au patasi ya mviringo.

Kisu cha kupinda ni nadra madukani, lakini mhunzi yeyote anakutengenezea kwa tupa kuukuu. Mpe maelezo haya ukiona hajawahi: tupa ipashwe moto hadi iwe nyekundu, iachwe ipoe taratibu ndani ya majivu ili ilainike, ipondwe iwe nyembamba, ipindwe, itiwe makali, kisha ipashwe tena mpaka sumaku isishike, izamishwe kwenye mafuta ya kula yenye uvuguvugu. Hapo itakuwa ngumu lakini inavunjika kama kioo. Kwa hiyo isuguliwe ing'ae, ipashwe polepole mara ya mwisho hadi rangi ya majani makavu itokee kwenye chuma, halafu basi. Kisu changu kilitoka mara ya pili. Cha kwanza mhunzi aliruka hatua ile ya mwisho, kikavunjika siku hiyo hiyo.

Sasa kunoa. Nimeona watu wakilaumu mti, wakilaumu mikono yao, wakakata tamaa, kumbe kisu ni butu. Kisu butu kinahitaji nguvu, nguvu inaleta papara, na papara inaleta plasta. Shika jiwe la kunoa, lilowanishe, laza kisu kwa pembe ndogo, karibu kulala kabisa, sukuma kama unayetaka kukata kipande chembamba cha jiwe lenyewe. Rudia upande wa pili. Ukihisi kwa kidole kijinundu chembamba cha chuma kimejikunja upande wa pili wa makali, umefika. Geuza, kiondoe kwa kusugua kwa wepesi. Malizia kwenye mkanda kuukuu wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia chuma, ukivuta kurudi nyuma, si kusukuma mbele. Kisu kiko tayari kikinyoa vinyweleo vya mkono bila kukwaruza, au kikikata karatasi ya gazeti iliyoning'inia bila kuichana.

Kile cha kupinda hakinolewi kwenye jiwe bapa. Zungushia msasa wa maji, ule wa mafundi wanaopiga magari rangi, kwenye kijiti cha mviringo: namba 400, kisha 800, kisha 1500. Sugua ndani ya upindo kwa kijiti, na nje yake kwa msasa uliolazwa juu ya ubao.

Kila nusu saa ya kuchonga, rudi kwenye mkanda wa ngozi mara ishirini. Hesabu.

Namba 1 hadi 5: mwiko bapa

Usianze na tumbo. Mwiko wa ugali hauna tumbo, na utakufundisha mambo mawili ambayo yanatosha kwa mwezi mzima: nyuzi, na unene.

Chukua nusu ya gogo, lainisha uso mmoja kwa shoka hadi uwe bapa. Chora mwiko kwa penseli: urefu sentimita 40, kichwa upana wa 7, mpini upana wa 3. Lakini kabla ya kuchora, tazama ubavu wa kipande. Utaona michirizi myembamba inayokwenda kwa urefu. Hizo ndizo nyuzi. Fikiria mti kama fungu la mabua ya mtama yaliyofungwa pamoja: mabua yaliyopita kutoka mpini hadi kichwa bila kukatizwa yanashikilia mzigo, mabua mafupi yaliyokatwa kwa mshazari yanaachana. Mchoro ufuate nyuzi, hata kama mwiko utakuwa na kona kidogo. Namba 1 yangu niliichora kwa rula juu ya tawi lililopinda. Mstari ulinyooka, nyuzi zikatoka nje pale shingoni, na ugali ukafanya yaliyobaki. Ukiokota ule mpini leo, utaona mahali pa kuvunjika pamechongoka kama kalamu, hakuna hata nyuzi moja iliyochanika. Ziliteleza tu zikaachana.

Kata kwa msumeno pande zote mbili za shingo hadi karibu na mstari, ukiacha milimita 2. Mkato huo ni breki: ufa ukianza, unaishia hapo. Kisha simamisha kipande juu ya gogo, mkono wako wa kushikilia ukiwa juu kabisa, na shoka lipige chini ya mkono huo siku zote. Anza karibu na chini, piga vipigo vifupi vya mshazari, panda kidogo kidogo, kisha rudi juu uteremshe vipande vyote kwa pamoja. Acha shoka lianguke kwa uzito wake. Ukiona unatoa jasho, noa.

Shingo ni bonde. Teremka toka kichwani kuja shingoni, teremka toka mpinini kuja shingoni, na usivuke bonde ukaanza kupanda upande wa pili. Ukipanda, kisu kinaingia kati ya mabua na kubandua kipande ambacho hukukitaka. Kanuni hii moja, toka penye unene kwenda penye wembamba, ndiyo asilimia kubwa ya ufundi wote. Mkono utaikubali kwenye namba 3 au 4, hata kama kichwa kiliielewa tangu mwanzo.

Kwa kisu, jifunze mikato miwili. Wa kwanza ni wa kusukuma: mkono wa kisu umetulia, kidole gumba cha mkono wa pili kiko mgongoni mwa kisu, na ndicho kinachosukuma. Mkato ni mfupi, sentimita moja mbili. Wa pili unaujua tayari, ni ule wa kumenya viazi: makali yanakuja kwako, gumba limeegemea mti chini ya njia ya kisu, si mbele yake. Kaa na viwiko juu ya magoti, uchonge mbele ya magoti. Usichongee juu ya paja kabisa. Ndani ya paja kuna mshipa mkubwa wa damu, na hospitali inaweza kuwa mbali.

Unene: kichwa milimita 8 hadi 10 katikati, ukipungua hadi 4 pembeni. Shingo ya mwiko wa ugali iache milimita 15 au zaidi kwa unene, kwa sababu ugali hausamehe. Miko yangu mitano ya kwanza ilianza minene kama makasia, na kila nilipoupunguza mmoja kidogo zaidi niliogopa. Ni sawa. Punguza kidogo zaidi ya pale unapoogopa, ukivunjika ni kuni.

Ukimaliza, usiupeleke kabatini. Upike. Songea ugali, kaangia vitunguu, halafu muulize anayepika kila siku mkono unamuuma wapi. Mama mkwe alipokubali kushika namba 4, alisema maneno matatu: "Huu unanikata hapa," akionyesha chini ya kidole cha shahada. Pembe za mpini zilikuwa kali. Sikuwa nimeziona, kwa sababu mie nilikuwa naangalia kichwa tu. Aliyeshika mwiko kwa miaka arobaini anajua jambo ambalo fundi hajui, na hana haja ya kujua kuchonga ili kulijua.

Namba 6 hadi 12: tumbo

Hapa siri ni mpangilio. Chimba tumbo kwanza, kipande kikiwa bado gogo kubwa linaloshikika. Wanafunzi huchonga umbo la nje likapendeza, halafu wanahangaika kuchimba kitu kidogo kinachoteleza mkononi. Ukichimba kwanza, tumbo likikosea umepoteza robo saa tu.

Chora yai lenye urefu wa sentimita 7 na upana wa 5, ukiacha ukingo wa milimita 5 kila upande kwa sasa. Kisu cha kupinda kikate kwa kukatiza nyuzi, toka ukingo mmoja kuteremka hadi katikati, kisha geuza kipande uteremke toka ukingo wa pili. Hapa pia ni bonde, na hapa pia hakuna kupanda. Vipande vinavyotoka viwe vyembamba, vinavyojikunja kama maganda ya kitunguu. Vikitoka kama unga au makombo, kisu ni butu au unakwenda kinyume cha nyuzi.

Kama huna kisu cha kupinda, kuna njia ya moto, ya polepole lakini ya uhakika. Weka kaa dogo jekundu katikati ya mchoro, lishikilie kwa kijiti, lipulizie kwa mrija hadi mti uwe mweusi, toa kaa, kwangua masizi kwa kifuu au kipande cha chuma, rudia. Usipulizie hadi mwali uwake, na usiharakishe. Joto likizidi mti mbichi unapasuka. Tumbo la kijiko kikubwa linaweza kuchukua saa nzima au mbili, na nyumba yote itanuka moshi.

Kina kiasi gani? Cha kupakulia mchuzi kinaweza kufika sentimita 2. Cha kulia uji, milimita 8 hadi 10 tu. Namba 7 yangu ilikuwa na tumbo refu kama kisima, na uji ulibaki chini kila mara, mdomo hauufikii. Mtoto wangu alikuwa anakigeuza na kulamba mgongo.

Ukisharidhika na ndani, ndipo uende nje. Mgongo ufuate tumbo. Pima kwa gumba na shahada ukipapasa pande zote mbili kwa pamoja, macho yamefumbwa. Vidole vinahisi tofauti ya milimita moja ambayo macho yamekataa kuiona. Ukitaka kielelezo cha mkunjo mzuri, chukua kifuu cha nazi. Waliotengeneza upawa tangu zamani hawakuchonga tumbo kabisa. Walichagua kifuu chenye umbo zuri wakakitia mpini. Weka mgongo wa kijiko chako ndani ya kifuu, uone mwanga unapita wapi.

Namba 13 hadi 17: kijiko kitazame kwa ubavu

Hadi hapa vijiko vyako vina umbo zuri ukivitazama kutoka juu. Vilaze mezani, uinamishe macho yalingane na meza. Vimenyooka kama rula, si ndiyo? Kijiko cha chuma kilichoko kabatini kwako hakijanyooka. Mpini unapanda, shingo inashuka, mdomo unainuka tena kidogo. Ndiyo maana kinachota bila kukulazimisha kunyanyua kiwiko hadi sikioni.

Kupata mkunjo huo kuna njia mbili. Ya kwanza, chukua kipande kinene cha sentimita 4, chora umbo la ubavuni kwanza, lichonge kwa shoka, ndipo uchore umbo la juu. Mkunjo ukizidi, unakata nyuzi shingoni na unarudi kwenye msiba wa namba 1, kwa hiyo uwe mdogo, na shingo iwe nene kwa kimo hata kama ni nyembamba kwa upana. Ya pili ni nzuri zaidi: tafuta tawi lililopinda lenyewe. Nyuzi zinapinda pamoja na tawi, na kijiko kinakuwa na nguvu ambayo ya kwanza haiipati. Tangu nianze namba 13 sipiti chini ya mpera bila kuangalia juu, na nimeshagongana na watu.

Kukausha

Kijiko kibichi kikiachwa juani au juu ya jiko kinapasuka. Nje inakauka na kusinyaa, ndani bado imejaa maji, kitu lazima kiachie. Kipunguze hadi karibu na unene wa mwisho, bakiza milimita 2, kisha kifukie ndani ya vipande ulivyochonga. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki. Tangu ilipopigwa marufuku, Kenya 2017 na Tanzania 2019, mie natumia ndoo yenye mfuniko, naufungua kidogo kila siku. Bila kufungua, ukungu unaingia na kijiko kinapata madoa meusi.

Kama una mizani ya jikoni, kipime kila jioni. Uzito ukikaa pale pale siku tatu mfululizo, kimekauka. Kwa Morogoro wakati wa kiangazi ni wiki moja hadi mbili. Pwani, kwenye unyevu, ngoja zaidi.

Namba 18 hadi 20: kumalizia

Kijiko kikavu kinapokea mkato wa mwisho kwa kisu kilichonolewa siku hiyo. Mikato mirefu, myembamba, isiyo na papara. Uso unaoachwa na kisu kikali unang'aa wenyewe na haunyanyui vinyweleo ukilowa. Nikiweza, naishia hapo.

Tumboni huwa ni lazima nisugue. Neno msasa lenyewe limetoka kwenye mti: msasa ni mti wa jamii ya mkuyu wenye majani makavu makali, na watu walisugulia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi za dukani. Bado yanafanya kazi ukiyapata. Za dukani, anza na 120, kisha 180, kisha 240, na usiruke namba, maana mikwaruzo ya 120 haitoki kwa 240 hata ukisugua hadi usiku. Kisha kilowanishe kijiko kizima kwa maji, kiache kikauke, vinyweleo vitasimama. Sugua tena kwa 320, kwa wepesi. Rudia mara mbili. Ukiruka hatua hii, kitasimamisha vinyweleo ndani ya uji wa mtu. Kipande cha chupa iliyovunjika, kikishikwa kwa kitambaa kinene, hukwangua mgongo vizuri kuliko msasa. Mafundi wa vinyago wanalijua hilo. Ziba pua unaposugua, hasa kama mti ni mvule, vumbi lake linawasha koo.

Ukingo wa kijiko cha kulia ufike milimita 2 hivi, ukiwa umeviringwa. Kitie mdomoni, fumba macho, kivute taratibu. Midomo itakuambia penye ngazi.

Mafuta: ya nazi yanatosha, ila hayakauki yakawa magumu ndani ya mti, yanaondoka kwa kuosha, kwa hiyo unapaka tena kila baada ya wiki chache. Ya alizeti yanabaki yananata. Ya kitani yanakauka na kuwa magumu vizuri; tumia yale yasiyotiwa dawa ya kukausha, na vitambaa vilivyopakwa mafuta hayo vianike wazi, kwa sababu vikikunjwa kwenye kona vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Ukichanganya nta ya nyuki kidogo kwenye mafuta ya nazi ya moto, unapata kitu kinachokaa zaidi. Na waambie wenzio nyumbani: kijiko cha mti hakilali kwenye beseni la vyombo usiku kucha.

Daftari

Kwa kila kijiko andika mistari mitatu tu: mti, kilichoharibika, na kitu kimoja utakachobadilisha kwenye kinachofuata. Kimoja. Nilipoandika vitu vitano nilisahau vyote. Kwenye namba 11 niliandika "ukingo wa kushoto mnene", kwenye namba 12 nikaandika hivyo hivyo, na kwenye namba 14 tena. Ndipo nikagundua kwamba ni namna ninavyokaa: mkono wangu wa kulia unafika upande mmoja kwa urahisi, wa pili nauchonga kwa kubahatisha. Nikaanza kugeuza kijiko badala ya kugeuza mkono, na tatizo likaisha wiki hiyo.

Kutakuwa na majuma ambayo kijiko kipya ni kibaya kuliko cha kabla yake. Namba 16 yangu ni mbaya kuliko namba 10. Nilikuwa nachonga usiku, nimechoka, kwa taa ya simu.

Mama mkwe sasa anatumia namba 19, ya mpera, na namba 5 ameipeleka kwao Kilosa bila kuniaga. Namba 1 bado imo debeni. Huwa naitumia kukorogea rangi.